Kijani Kisicholika

Mchana mmoja wa Februari, nje kidogo ya Marigat, nilikaa chini ya mgunga na mzee mmoja wa Kiilchamus nikafungua kompyuta nimwonyeshe nchi yake inavyoonekana kutoka angani. Februari ni kiangazi Baringo. Vilima vya upande wa magharibi vilikuwa vya kahawia na njano kwenye ramani yangu, lakini tambarare iliyo kati ya Ziwa Baringo na Ziwa Bogoria ilikuwa kijani kilichokolea, kama sukumawiki iliyopata maji ya kutosha. Nilidhani namletea habari njema. Alivaa miwani, akasogeza uso kwenye kioo, akatazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

"Kijana wangu," akasema, "hicho kijani chako ndicho kilichomaliza mbuzi wangu meno."

Ilikuwa mathenge. Mti huu uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mradi wa kuni na upandaji miti uliosaidiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Nia ilikuwa safi: watu wapate kuni, na upepo usiondoke na udongo. Mizizi yake hushuka kutafuta maji ambayo nyasi haziyafikii, na ndiyo maana hubaki na majani wakati kila kitu kando yake kimekauka. Maganda yake ni matamu. Mbuzi huyapenda, sukari hunata menoni, meno huoza na kung'oka. Mwaka 2006 wenyeji walikwenda mahakamani kuishtaki serikali kwa kuwaletea mti huo, na pamoja na hati zao walimpeleka mbuzi kibogoyo, kielelezo cha miguu minne.

Setilaiti haikuwa na habari na kesi hiyo. Iliona majani mabichi, ikaandika majani mabichi. Siilaumu. Ninaowalaumu ni sisi tunaokaa upande wa huku wa kioo, tulioupa ukijani kazi isiyo yake, kazi ya kusema kama mifugo ina chakula. Tulifanya hivyo kwa sababu nzuri na mara nyingi tumepata faida. Lakini siku hizi rangi hiyo inaamua nani alipwe fidia na nani asilipwe, na hapo tofauti kati ya kijani na malisho inaingia moja kwa moja mfukoni mwa mtu.

Tuanze na jinsi hesabu inavyofanyika, maana si ngumu na wafugaji wengi hawajawahi kuelezwa. Jani lililo hai lina tabia mbili. Klorofili humeza mwanga mwekundu ili jani lijitengenezee chakula, na ule mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni hutupwa nje na maungo ya ndani ya jani kama mpira unaogonga ukuta. Kamera iliyo angani hupima zote mbili. Tuseme katika kila sehemu 100 za mwanga, shamba lenye majani mazito linarudisha nyekundu 8 na infraredi 40. Toa nyekundu kwenye infraredi, upate 32, jumlisha zote mbili, upate 48, gawanya. Jibu ni 0.67. Udongo mtupu ukirudisha nyekundu 25 na infraredi 30, jibu ni 0.09. Namba hiyo ndiyo NDVI. Ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, na karibu kila ramani ya ukame unayoionyeshwa kwenye mikutano ya kaunti imejengwa juu yake.

Peke yake, hata hivyo, namba hiyo haisemi mengi. 0.25 ni msiba Kericho na ni neema Turkana. Kwa hiyo katika miaka ya 1990 mwanasayansi Felix Kogan wa shirika la hali ya hewa la Marekani, NOAA, alishauri kila mahali pashindanishwe na historia yake penyewe: pamewahi kushuka mpaka wapi, pamewahi kupanda mpaka wapi, na leo pako wapi kati ya ncha hizo mbili. Sifuri ni sawa na mwaka mbaya kuliko yote iliyorekodiwa, 100 ni sawa na mwaka mzuri kuliko yote. Hicho ndicho kipimo cha VCI, ambacho NDMA, mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame ya Kenya, hukitumia kwenye taarifa zake za kila mwezi. Chini ya 10 ni ukame uliokithiri, 10 hadi 20 ni mkali, 20 hadi 35 ni wa wastani, na kuanzia 35 kwenda juu mambo ni ya kawaida au mazuri.

Sitaki msomaji adhani namsema vibaya mgeni huyu wa angani. Heshima yake ameitolea jasho. Mwaka 1975 mtaalamu wa ikolojia aliyeruka juu ya Sudan, akalinganisha alichokiona na ramani ya mwaka 1958, alisema Sahara inateremka kusini kilomita tano na nusu kila mwaka. Tarakimu hiyo ilizunguka dunia nzima, ikaandikwa kwenye vitabu vya shule, ikatumika kuwalaumu wafugaji kwa kuleta jangwa. Wakati huo Landsat ya kwanza, setilaiti ya Marekani ya kupiga picha za ardhi, ilikuwa tayari angani tangu Julai 1972, lakini kilichoivunja hadithi ile ni setilaiti za hali ya hewa za NOAA, zilizotengenezwa kutazama mawingu. Compton Tucker na wenzake wa NASA waligundua kwamba vyombo hivyo vinaweza kupima ukijani pia, na vinapita kila siku. Walipopanga picha za 1980 hadi 1990 wakakuta ukingo wa Sahara hautembei kama jeshi. Mwaka wa kiangazi unashuka kusini makumi ya kilomita, mwaka wa mvua unarudi kaskazini. Mfugaji wa Kifulani angewaambia hivyo bila malipo, lakini ni kweli kwamba hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Setilaiti ndiyo iliyomsafisha jina.

Kisha ikaja njaa ya Ethiopia ya 1984. Mwaka uliofuata Marekani ikaanzisha FEWS, mfumo wa kuonya mapema juu ya njaa, na ukijani ukawa moja ya nguzo zake. Kuanzia hapo haukuwa mali ya watafiti peke yao. Ofisa aliyekaa mbali sana na bomba la maji lililokauka angeweza kufungua ramani na kusema: hapa kuna tatizo.

Kwetu hatua kubwa ilikuja Januari 2010, Marsabit, pale ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, ilipoanzisha na washirika wake bima ya mifugo inayotegemea setilaiti. Wazo lake lilikuwa la kijasiri. Kumkatia mfugaji bima ya kawaida haiwezekani: nani atakwenda kuhesabu mizoga kwenye kaunti inayokaribia kilomita za mraba 70,000, barabara zikiwa zile? Basi msihesabu mizoga. Tazameni malisho kutoka juu, na yakishuka chini ya kiwango fulani kila aliyelipia alipwe, awe amepoteza ng'ombe kumi au hajapoteza hata mmoja. Oktoba 2011, ukame mkali ulipoishika Pembe ya Afrika, wafugaji wa Marsabit walilipwa kwa mara ya kwanza. Baadaye Wajir ikapata bima ya namna hiyo kwa utaratibu wa takaful, bima ya Kiislamu, ili Mwislamu asiingie kwenye riba. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wake, ikianzia Turkana na Wajir, ikawalipia wafugaji maskini ada yote. Andrew Mude, mchumi wa ILRI aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016, na aliistahili. Pesa za HSNP, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya zinazokabiliwa na njaa, zile zinazoingia kwenye akaunti za kaya za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, nazo zikafungwa kwenye VCI: ikishuka chini ya 20, orodha ya wanaolipwa inaongezwa.

Na kabla sijakosoa, niseme kwa nini mimi mwenyewe naipenda setilaiti kuliko orodha ya chifu. Yeyote aliyeishi kaskazini anajua orodha za msaada zinavyoandikwa. Jina la shemeji wa fulani linatangulia, jina la mjane asiye na mtu linasahaulika, mwakilishi wa wadi anakumbuka waliompigia kura. Setilaiti haina shemeji. Haiombwi chai. Haijui mpaka wa jimbo la uchaguzi. Kwa watu waliozoea kuonewa na kila anayeshika kalamu, chombo kisichoweza kuhongwa ni ukombozi wa namna yake, na anayetaka tukiache arudi kwenye kalamu zilezile.

Sasa turudi kwa mzee wa Marigat, tuweke mathenge ndani ya hesabu.

Kamera ya MODIS, inayopiga picha tangu mwaka 2000 na ambayo ndiyo uti wa mgongo wa mifumo mingi ya namna hii, huigawa nchi katika miraba, yaani pikseli, ya mita 250 kwa 250. Mraba mmoja ni hekta sita na robo, eneo la kutosha boma, laga (mto mkavu), kichaka na uwanja wa mpira, na vyote hivyo hutoka na namba moja tu. Chukua mraba mmoja wa nyasi tupu. Tuseme historia inaonyesha mwaka mbaya kabisa uliushusha hadi 0.15 na mwaka mzuri kabisa ukaupandisha hadi 0.55. Ukame unarudi, nyasi zinaisha, namba inashuka hadi 0.15. VCI ni sifuri. Ukame uliokithiri, lipa.

Sasa acha mathenge iingie, ichukue nusu ya mraba huo. Mathenge haijali kiangazi, tuseme inakaa kwenye 0.50 mwaka mzima. Ukame uleule unakuja, nyasi za nusu iliyobaki zinakufa vilevile, zinashuka hadi 0.15. Wastani wa mraba ni 0.325. Ukiushindanisha na historia yake, VCI inatoka karibu 44. Kwenye jedwali, 44 ni hali ya kawaida. Mifugo ya mtu huyu imepoteza nusu ya malisho kwa mti na nusu iliyobaki kwa jua, na mashine inampongeza.

Mtaalamu atanijibu kwamba mfano wangu ni wa kutunga, na ni kweli. Atasema hesabu nzuri huondoa kwanza misitu, mashamba na maji, na kwamba miaka ikipita historia nayo itaizoea mathenge na kujirekebisha. Lakini ramani ya kuondolea misitu huchorwa mara moja na kutumiwa miaka, na mathenge haikai mahali. Mbuzi anakula ganda Jumatatu, anaacha mbegu kilomita kadhaa mbele Jumatano, tayari imewekewa mbolea. Historia inayojirekebisha kwa mwendo wa miaka haiwezi kuukimbiza mti unaosafiri kwa miguu ya mbuzi. Na si mathenge peke yake. Kajiado kuna vichaka vya ipomea vinavyochukua nafasi ya nyasi, Laikipia kuna mpungate. Vyote ni kijani. Vyote vinapata alama.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, na limejificha zaidi kwa sababu halina mbuzi wa kupeleka mahakamani. Vuka mpaka uende Shinyanga. Wasukuma wana utaratibu wa zamani uitwao ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, mifugo haikanyagi, nyasi zinaachwa zikue, zikomae na zikaukie palepale zilipo. Kiangazi kikibana ndipo inafunguliwa, kwanza kwa ng'ombe wazee, kwa ndama na kwa ng'ombe wa kulimia. Utaratibu huo ulidhoofika. Misitu ilikuwa imefyekwa kupigana na mbung'o na kupisha pamba, kisha kuhamia vijiji vya ujamaa kukawatenganisha watu na maeneo yao. Kuanzia 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukafanya jambo la akili ambalo miradi hailifanyi mara nyingi: badala ya kuleta mti mgeni, uliwauliza wenyeji walikuwa wakifanyaje. Ngitili zikarudi kwa maelfu ya hekta.

Simama kwenye ngitili mwezi wa Septemba. Nyasi zimefika kiunoni, rangi ya mkeka, ukizipita zinakwaruza suruali. Hazina protini nyingi na hazinenepeshi mtu yeyote, lakini ni ghala, na ng'ombe atavuka nazo mpaka mvua. Sasa ipime kwa NDVI. Nyasi hizo hazina klorofili tena, hazimezi nyekundu. Zinarudisha mwanga karibu kama udongo. Ngitili iliyotunzwa kwa nidhamu ya kijiji kizima inapata alama zinazokaribiana na za kiwanja kilichokanyagwa mpaka vumbi. Nimeangalia maeneo ya namna hii kwenye kioo mara nyingi, na nakiri kwamba nisingekuwa nimefika kwa miguu nisingeyatofautisha.

Kwa hiyo tuna kijani kisicholika kinachopewa alama, na kikavu kinacholika kisichopewa. Ukiweka hayo mawili pamoja unapata kipimo kinachoelekea kumnyima anayevamiwa na mti, na wakati huohuo hakitambui jasho la anayetunza malisho yake.

Kuna la tatu, nitalipita haraka. Ng'ombe hatembei na pikseli yake. Waborana huacha wachache wenye maziwa nyumbani, warra, na kupeleka kundi kubwa mbali, fora. Mtu anakata bima ya eneo anakoishi, mali yake iko siku nne mbele, kwenye eneo lingine kabisa. Wachumi walioufuatilia mpango wa Marsabit walieleza waziwazi kwamba hata baada ya kukata bima, sehemu kubwa ya hatari inabaki mikononi mwa mfugaji. Wao wana jina la kitaalamu la jambo hilo. Mfugaji aliyelipa ada, akazika ng'ombe na asipokee ujumbe wowote kwenye simu, ana jina lake, na mara nyingi ni wizi. Nimekaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo, na wakala wa bima, kijana wa palepale aliyewauzia jamaa zake, alikuwa akijibu maswali huku ameinamisha kichwa. Hakuwa mwizi. Alikuwa ameuza kitu ambacho hata yeye hakuwa ameelezwa vizuri kinapima nini.

Itasemwa kwamba katika ukame mkubwa makosa haya hayaonekani, na ni kweli. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, kila kipimo kilionyesha wekundu. Lakini ukame wa namna hiyo hauhitaji setilaiti, harufu inatosha. Mahali ambapo chombo kinatakiwa kutoa msaada wake halisi ni kwenye mwaka wa katikati, mwaka wa VCI 25 au 40, ambapo mtu mmoja anaangamia na jirani anasalimika, na ambapo shilingi inayofika mapema inanunua nyasi au inamruhusu mtu kuuza ng'ombe akiwa bado na mwili. Mwaka huo ndio mathenge na nyasi kavu zinapopotosha hesabu kuliko wakati mwingine wowote.

Linalonikera zaidi ni kwamba dawa iko kwenye vyombo vilevile. Watafiti walipitia picha za Landsat za Baringo kutoka 1988 hadi 2016 wakitafuta mathenge hasa. Ukitazama mwezi wa mvua huioni, kila kitu ni kijani. Ukitazama kiangazi kikali, kilichobaki na majani kinajifichua chenyewe. Walikuta mathenge ilikuwa kwenye hekta 882 mwaka 1988, na kufikia 2016 ilikuwa hekta 18,792. Setilaiti ileile ambayo ukiiuliza "kuna ukijani?" inakudanganya, ukiiuliza "nini bado ni kijani wakati hakipaswi?" inakuchorea ramani ya adui. Vilevile kwa nyasi kavu. Landsat, na Sentinel-2 ya Ulaya inayopita kila siku chache na kuona mita 10, zina macho ya infraredi ya mbali zaidi ambayo huitambua selulosi, yaani mwili wa nyasi baada ya ukijani kuondoka. Australia, nchi ya ng'ombe na ukame kama sisi, miaka mingi sasa inaigawa picha ya malisho katika mafungu matatu: kijani, kikavu na udongo mtupu. Mfugaji wa Queensland anaweza kuona shamba lake lina kiasi gani cha kila kimoja. Hakuna sababu ya kiufundi ya Wajir kubaki na fungu moja.

Wala si suala la gharama ya picha. Landsat ni bure tangu 2008, Sentinel ni bure tangu ilipoanza, Digital Earth Africa inazipanga tayari kwa bara zima. RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani kilichoko Kasarani, Nairobi, kimekuwa kikifundisha watu kazi hii tangu miaka ya 1970. Kenya yenyewe ilirusha Taifa-1 Aprili 2023, na tukashangilia, ingawa wazee wa Malindi watakukumbusha kwamba roketi zilikuwa zikipaa kutoka ufuo wao tangu enzi za San Marco, kituo cha Waitaliano, na kwamba setilaiti iliyoitwa Uhuru iliondokea pale Desemba 1970. Vyombo tunavyo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama kwenye pikseli na kusema kilichomo.

NDMA ina watu mashinani wanaozunguka vijijini kila mwezi kuuliza bei ya mbuzi, umbali wa maji na maziwa yaliyokamuliwa, na majibu hayo huingia kwenye taarifa zake pamoja na VCI. Huo ni mwanzo mzuri. Ninachotaka kiongezwe ni kidogo sana: mtu huyohuyo, na simu yake hiyohiyo, apige picha ya ardhi kwenye pointi zilezile kila mwezi na aandike kwa lugha ya watu wa pale kilichoota ni nini na nani anakila. Mbuzi, ngamia, au hakuna. Miaka miwili ya rekodi hizo ingewafundisha wapiga hesabu wa Nairobi mengi kuliko kamera nyingine mpya. Na kabla bima haijauzwa tena kwa yeyote, historia ya mraba wake iwekwe wazi mbele yake kwenye baraza: mwaka fulani tungelipa, mwaka fulani tusingelipa. Wazee wanakumbuka miaka yao. Wakisema "mwaka ule tulizika ng'ombe na ninyi mnaonyesha kijani," hapo pana mathenge, au pana kosa, na afadhali lijulikane siku hiyo kuliko siku ya kudai. Najua kampuni zitasema zikiruhusu maneno ya watu tutarudi kwenye orodha ya chifu. Lakini sijasema watu waamue malipo. Nimesema waseme kipimo kipime nini, kabla ya msimu, wakati hakuna ajuaye nani atanufaika.

Siku ile Marigat, kabla sijafunga kompyuta, mzee aliniuliza kama kamera hizo zilikuwepo kabla ya mathenge kufika. Zilikuwepo. Nilimfungulia picha ya kiangazi ya miaka ya 1970, moja ya zile za Landsat za mwanzo, pikseli zake pana kiasi kwamba zizi la mtu haliwezi kuonekana. Picha hizo hupakwa rangi za uongo, majani mabichi hutokea mekundu, na ilibidi nimweleze mara mbili. Akatafuta wekundu. Ulikuwepo kidogo, mstari mwembamba wa mto na kipande cha kinamasi karibu na ziwa. Kwingine kote tambarare ilikuwa kijivu, rangi ya majivu yaliyopoa. Kwa hesabu ya ukijani, bonde lile lingeshindwa vibaya na la leo.

Mzee hakuonekana kusikitika. Aliweka kidole kwenye kijivu akaanza kutaja: hapa ng'ombe wa baba yake walikaa mpaka mvua, hapa palikuwa pa ndama, hapa mbuzi walikatazwa. Kidole kilizunguka kijivu chote, mahali kwa mahali, kila pahali na jina lake. Kinamasi chekundu alikifikia mwisho kabisa. Huko, alisema, walikwenda mwaka ambao kwingine kote kumeisha.